Aliyeandikwa Hajui Kazi

Nyange alirudi kutoka afisini akicheka, na kicheko kile ndicho kilichompandisha Mabruki hasira kabla hajakijua kisa chenyewe.

"Wameniandika, mjomba," alisema, akivua makubadhi mlangoni. "Nimepigwa na jua mpaka utosi umeiva, lakini wameniandika."

"Wamekuandika nini?"

"Jina langu. La baba. Mtaa. Na kazi."

"Kazi gani?"

Nyange akajikuna shingo. "Karani kaniuliza, unajua kazi gani? Nikamwambia, ah, bwana, mie sina nijualo, nababaisha tu kwenye mashine za watu. Basi naye akaandika."

"Akaandika nini, nakuuliza?"

"Hajui kazi."

Mabruki alikuwa na tonge la muhogo mkononi. Alilirudisha sahanini taratibu, akafuta vidole, akamkazia macho mtoto wa dada yake kama anayetazama nyumba inayoungua.

Nyange hakuwa kijana wa kubabaisha. Tangu ndevu hazijamwota alikuwa akilala na kuamka na injini ya kinu cha Haridas, kile cha kukamulia mafuta ya nazi hapo Wete. Aliifungua akaifunga tena zaidi ya mara ambazo mke wake alisuka nywele. Lakini mwaka ule Haridas aliona faida yake ni kuuza nazi kavu zipelekwe Unguja kwenye kinu kikubwa, akakifunga chake, akamwambia Nyange kwa masikitiko ya kweli kwamba hana pa kumweka. Ikabaki kazi moja tu ya kumlisha, ile ya mjomba wake, kubeba magunia ya karafuu begani kutoka mashambani mpaka gatini. Na hiyo nayo ilikuwa inakaribia kufa. Mabruki alijua kuwa inakufa kwa sababu alisoma mwenyewe.

Kusoma hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwenye maboksi ya mafuta ya taa na magazeti ya kufungia sukari, herufi moja moja, watu wakimcheka. Kwa hivyo serikali ilipobandika tangazo lake, mwaka ule wa thelathini na tano, wachukuzi wote walimfuata yeye awasomee. Tangazo lilisema njia ya kutoka Wete kwenda Chake Chake, na kutoka Chake mpaka Mtambile, itapanuliwa. Malori ya serikali yatakuja. Kazi ya kubeba mizigo kwa mabega itapungua. Basi ili watu wasije wakaachwa wamekaa, imefunguliwa afisi ya kazi, juu kilimani, ambayo itamuuliza kila mtu anajua nini. Wenye kujua mashine watapelekwa karakana itakayojengwa Chake, wafundishwe magari kabla hayajafika. Wengine nao watatafutiwa.

Mabruki aliwasomea mara mbili. Akawaambia, "Hapa kuna akili. Kwa mara ya kwanza wanatuambia mvua inakuja kabla haijatunyea. Nendeni mkaandikwe."

Hilo ndilo lililomchoma. Kwamba aliamini, tena akawaaminisha wenzake.

"Kwani vyereje, mjomba?" Nyange aliuliza, kicheko kimemkauka. "Ungetaka nisemeje? Nisimame mbele za watu niseme mimi fundi?"

Na hapo palikuwa na ukweli wake. Pemba nzima hakuna fundi anayejiita fundi. Mshoni akisifiwa kanzu atakwambia uzi ndio mzuri. Mwashi atakwambia mawe yamekubali. Mtu akija kumtafuta fundi, fundi hujibu hajui kitu, anababaisha. Na mwenye kazi naye hujibu, haya, njoo basi unibabaishie na mimi. Wakacheka, wakanywa kahawa, kazi ikaanza. Neno lile ni mlango tu wa kuingilia kwenye mazungumzo. Aliyetamka kwa kinywa chake kwamba yeye ni fundi, watu humwangalia kama aliyevua nguo sokoni. Wote wanalijua hilo, mkubwa na mdogo. Meza ya serikali ndiyo isiyolijua. Au inajifanya hailijui.

Mabruki alikuwa na sababu yake ya kuziogopa meza.

Mama yake, Mwanapili, alikuwa mtumwa katika shamba la karafuu kule Mtambile. Utumwa ulipotangazwa kufutwa, ilitangazwa pia kwamba anayetaka uhuru lazima aende akauombe. Meza ikawekwa kwenye kivuli cha banda la kukaushia karafuu, mtu wa serikali akakaa nyuma yake na mkalimani wake, bwana wa shamba amesimama pembeni ameshika bakora. Mabruki alikuwa mtoto, ameshika upindo wa kanga ya mamake. Mkalimani akauliza: "Unaishije na bwana wako?" Na Mwanapili, aliyelelewa akaleleka, mwenye haya zake, akajibu kama mtu yeyote mwenye adabu anavyojibu akiulizwa hali mbele za wageni. "Alhamdulillahi. Hatujambo. Bwana katuweka vizuri."

Ikaandikwa kwamba ameridhika, haombi kitu. Wakarudi shambani jioni ileile, jembe likaendelea. Siku moja tu ya kusema ukweli alipewa katika umri wake wote, naye akaitumia kwa kusalimia. Alikufa hajui kwamba aliulizwa swali. Yeye hakuilaumu meza hata siku moja, akafa nayo radhi. Mabruki hakuiwia radhi, na wala hakukusudia.

Basi akainuka, akavaa kofia, akapanda kilima.

Karani alikuwa Shaame, mtoto wa Wete hapohapo, aliyesoma skuli Unguja akarudi na suruali na sauti ya puani. Alikuwa peke yake, anapanga karatasi.

"Salaam aleikum, karani."

"Waaleikum salaam, mzee Mabruki. Watu hawajambo?"

"Watu wazima. Ila wewe umewazika kwa kalamu."

Shaame akacheka kidogo, akaona mwenziwe hacheki, akaacha. "Kuhusu Nyange? Mzee, mimi naandika ninachoambiwa."

"Marehemu babako alikuwa akishona kofia. Kofia zake zikivaliwa mpaka Mombasa. Uliwahi kumsikia akisema yeye ni fundi?"

Shaame akarudi kupanga karatasi.

"Akiulizwa alikuwa akijibu nini?"

"...Najishonea tu, nipitishe siku."

"Najishonea tu! Na wewe ukala hilo najishonea tu, ukavaa, ukasomeshwa, mpaka ukakalishwa kwenye kiti hicho. Leo mtu anakuja na maneno yaleyale ya babako, unamwandika hajui kazi. Yule Mzungu, bwana wako, namsamehe, hakuzaliwa hapa. Wewe ulijua. Uliisikia ile sauti ukaijua, na mkono wako ukaandika."

"Ningefanyaje?" Shaame alishusha sauti, akatupa jicho mlangoni. "Bwana mkubwa anataka neno moja kwa kila mtu. Mwashi, dereva, mkulima, hajui. Hakunipa pahala pa kuandika adabu. Nikimwambia huyu anasema hajui lakini anajua, ataniuliza nimejuaje."

"Mwambie umejua kwa sababu wewe ni mtu wa hapa."

"Mzee, mtu wa hapa hawekwi kwenye kiti hiki ili awe mtu wa hapa."

Jibu lile lilimfika Mabruki. Lilikuwa baya, tena lilikuwa kweli.

"Mafundi wangapi umewaandika?" akauliza.

"Wa mashine? Mmoja. Yule Jaribu aliyerudi kutoka Mombasa."

"Jaribu! Yule wa mdomo?"

"Kasema hakuna gari asiloliweza. Nimeandika ninachoambiwa." Shaame alisita, kisha akasema kwa haraka, kama anayeiba, "Jumatatu bwana mkubwa anakuja mwenyewe kusikiliza. Waje tena. Waseme kwa vinywa vyao. Wakisema, naapa nitaandika."

Siku ya pili yake, baada ya sala ya adhuhuri, banda la wachukuzi pale gatini likageuka chuo. Mabruki aliwakusanya wote walioandikwa hawajui kazi: waashi, maseremala, mhunzi mmoja, wachukuzi wenzake na kiongozi wao Ngwali, mtu mnene mwenye bega moja limeshuka kwa mizigo na mguu mmoja wa kuburura. Na mwalimu akawa Jaribu, kwa sababu Mabruki alimeza kiburi chake akaenda kumwita.

"Kwa nini wewe unaweza?" alimuuliza njiani. "Hukuumbwa na haya?"

"Mombasa, mjomba," Jaribu alisema, wala hakukasirika. "Nilipofika nilikuwa kama nyinyi. Nikiulizwa nasema sijui, nababaisha. Kule ukisema hujui wanakuamini. Nililala na njaa mpaka nikajifunza kusema najua."

Basi Jaribu akasimama mbele ya banda. "Kifua mbele. Mtazame machoni, usitazame vidole vya miguu. Sema: mimi ni fundi mkubwa. Haya, mzee Ngwali, utufungulie."

Ngwali akasimama. "Mimi ni..." Akakohoa. "Mimi ni mtu ambaye... kwa uwezo wake Mola..."

"Mola haandikishwi afisini!" Mabruki akafoka. "Sema wewe!"

"Astaghfirullah, Mabruki, usinitie kwenye dhambi zako."

Banda likaangua kicheko. Akasimama mwashi, akasema ukuta ukisimama ndio bahati ya mwenye nyumba. Akasimama seremala, akasema yeye ni fundi, kisha akafunika uso kwa kofia, watu wakampigia vigelegele kama bibi harusi. Walicheka mpaka wakashika mbavu, na Mabruki peke yake hakucheka. Alitembea katikati yao ameuma meno. "Chekeni," akasema. "Malori yakija mtacheka zaidi. Mtakaa hapa kivulini mtayahesabu yakipita, kila moja limebeba chakula cha wanenu, nanyi adabu yenu mmeipakata mapajani. Nyange! Simama."

Nyange akasimama. Hakuna aliyecheka sasa, kwa kuwa wote walijua mkewe ni mjamzito na kinu kimefungwa.

"Mimi fundi wa mashine," alisema kwa sauti ya chini, halafu akageuka kutazama mlangoni kuona ni nani aliyemsikia.

"Mara nyingine," akasema Jaribu, kwa upole. "Na mlango uache."

Alisema tena. Alisema mpaka neno likamtoka bila kumkwaruza koo. Mabruki akahisi kitu ambacho hakukihisi siku nyingi, akaogopa kukiita tumaini.

Jumatatu ilipofika, watu walijaa barazani kwa afisi. Mzungu alikaa nyuma ya meza, Shaame ubavuni mwake, askari mlangoni. Waashi na maseremala wakasema, kwa kigugumizi, lakini wakasema. Shaame akaandika, kama alivyoapa. Kisha akaitwa Nyange.

"Unajua kazi gani?"

Nyange akatoa kifua mbele. Akafungua kinywa. Na hapo jicho lake likaangukia benchi la pembeni, akamwona Mzee Mmanga.

Mzee Mmanga alikuwa ametoka Mtambile kwa miguu, kwa kuwa naye alisikia serikali inatafuta watu wa mashine. Zamani alikuwa mtia moto katika meli ya serikali, akapanda mpaka akawa mwangalizi wa injini yenyewe, na alipotoka baharini ndiye aliyekiunda kinu cha Haridas na kumfunza Nyange kila alichokijua. Lakini hakuwahi kumfunga kilemba. Na mwanafunzi ambaye hajafungwa kilemba na fundi wake mbele za watu hajiiti fundi, hata akimshinda fundi mwenyewe. Kujiita hivyo ilhali fundi yupo, ameketi, anakutazama, ni sawa na kugawa urithi wa mtu aliye hai.

Mwalimu Jaribu hakulifikiria hilo. Mabruki naye hakulifikiria.

"Unajua kazi gani?" Shaame alirudia, na macho yake yalikuwa yanamsihi.

"Fundi yupo pale," Nyange alisema, akaonyesha kwa mkono wazi, kwa heshima. "Mie nilikuwa namshikia taa."

Mzungu akageuka. Shaame akamuuliza mzee: "Wewe ndiye fundi wa mashine?"

Mzee Mmanga akatabasamu, akaweka mkono kifuani. "Fundi ni Mwenyezi Mungu, bwana. Sisi wababaishaji."

Mzungu akapunga mkono, kama anayefukuza nzi. Inatosha.

"Haitoshi!" Mabruki alikuwa ameshapita katikati ya watu, kiganja kimetua mezani. "Haitoshi! Mwambie! Mwambie watu hawa wawili wanajua mashine kuliko wanavyowajua watoto wao! Mwambie sisi hatujisifu, tunasifiwa! Akitaka kujua mtu ana kazi gani asimuulize mwenyewe, amuulize jirani, amuulize Haridas, ateremke aje aone! Meza hizi zenu zimeshakula watu wangu mara moja—" Askari akamshika kwapani. Shaame akasema maneno machache kwa Kizungu. Mzungu akajibu mengi, bila hasira, huku akikung'uta kiko chake.

"Anasema nini?" Mabruki aliuliza, mkono wa askari ungali kwapani.

Shaame alitazama karatasi. "Anasema usijisumbue. Aliwaandikia Unguja tangu mwezi uliopita kwamba Pemba hakuna mafundi. Wameshapatikana wengine ng'ambo, wanakuja pamoja na magari. Jaribu atakuwa mwoshaji wa magari. Leo... leo alitaka kuhakikisha tu."

"Kuhakikisha."

"Ndivyo alivyosema. Na asiye na kazi kuna kuvunja kokoto za njia."

Basi ile afisi iliyofunguliwa ili iwaandae watu, ilikuwa imeshamaliza kuwaandaa. Tangazo lingali limebandikwa ukutani, wino haujapauka. Mwashi na seremala walioshinda wakijifunza kujivua nguo mbele za watu walikuwa wamejivua bure.

Nje, chini ya baraza, Mabruki alimgeukia Mzee Mmanga mbele ya wote, na hakuna aliyemzuia. "Na wewe! Umri wote huo!"

"Mwanangu," mzee alisema, "ulitaka nishindane na Mungu mbele za watu?"

"Nilitaka umtaje mwanafunzi wako! Yeye hawezi kujitaja wewe ukiwepo. Wewe hujitaji kwa ajili ya Mungu. Basi nani atatutaja? Yule mwenye kiko?"

Mzee akageuka akaenda zake. Hakurudi Mtambile siku ile wala ya pili yake. Alikaa msikitini, watu wakimpelekea chakula.

Meli ilitia nanga Jumamosi asubuhi, mbali kidogo kwa sababu ya maji haba. Malori mawili yakateremshwa kwenye tishali, na tishali ikavutwa mpaka gatini maji yakiwa yamejaa. Mafundi wa ng'ambo wawili walisimama juu yake wamevaa kofia nyeupe. Mzungu aliteremka kilimani na Shaame na askari. Kushusha gari kutoka kwenye tishali kunataka kamba, mbao, miti, na watu wengi wanaojua kuvuta kwa pumzi moja. Wachukuzi walikuwa wote pale, Nyange, Jaribu, waashi na maseremala nyuma yao, wameketi juu ya magunia, kamba zimekunjwa vizuri pembeni.

"Haya," Shaame alisema. "Bwana mkubwa anasema shusheni."

Ngwali akainuka. Akavua kofia. Akaweka mkono kifuani.

"Kushusha gari, bwana? Hatujui. Sisi tumeandikwa hatujui kazi. Tunababaisha tu. Tutaliangusha gari la serikali baharini, tuingie jela bure."

"Mzee Ngwali, acha mzaha."

"Mzaha na serikali? Mtume! Nitautoa wapi ujasiri huo?"

Shaame akamgeukia wa pili. Wa pili naye akainuka, akaweka mkono kifuani, akasema hana alijualo, Mungu ndiye mjuzi. Wa tatu akasema yeye kubeba kwenyewe hubahatisha. Wakasema mmoja baada ya mwingine, kwa upole, kwa unyenyekevu ambao hata kadhi asingeutia dosari. Mabruki hakuwafundisha maneno yale. Katikati ya wiki aliwauliza jambo moja tu, kama wataogopa kukataa kushusha magari, wakamwambia wataogopa, lakini watakaa.

Mzungu akanyoosha kidole kwa Jaribu. Yule si anajua kila kitu?

"Mimi?" Jaribu alitoa macho. "Mimi nilikuwa naosha gari la daktari, bwana. Tena upande mmoja."

Hapo ndipo kicheko kilipopasuka, kikaenea gati nzima, mpaka kwa wauza samaki. Shingo ya Mzungu ikawa nyekundu. Akasema jela. Shaame akasema jela. Ngwali akasema jela nako wataenda wakiamriwa, ila hata kufungwa hawajui, itabidi wafundishwe.

Na maji yakaanza kutoka. Tishali ikagusa tope kwa upande mmoja, ikainama. Gari la mbele likateleza kidogo kwenye minyororo yake, mafundi wa ng'ambo wakarukia gatini na kofia zao. Mzungu alitazama bahari, akatazama magunia na watu walioketi juu yake, akasema neno moja.

"Anauliza mnataka nini," Shaame alisema.

Mabruki akasogea. Sauti yake ilikuwa ndogo kwa hasira. "Nyange aingie karakana. Afundishwe magari kama tangazo lilivyosema. Leo, siyo kesho."

Shaame akamgeukia Mzungu akaanza kusema, na akasema kwa muda mrefu kuliko maneno aliyopewa. Mabruki hakukijua Kizungu, lakini alisikia jina la Haridas, alisikia jina la Mmanga, na alimwona karani jasho linamtiririka mpaka kwenye kola. Mzungu alimkatiza mara mbili. Mara zote mbili Shaame aliendelea. Mwishowe Mzungu akaitika kwa kichwa, bila kumtazama mtu.

"Amekubali. Mmoja. Nyange."

Lakini Nyange hakutikisika. Alikuwa anatazama nyuma ya watu, alikosimama Mzee Mmanga, ambaye hakuna aliyemwona akifika. Mabruki alitaka kupiga kelele. Maji yanatoka, tishali inalala, na huyu anangoja adabu! Akajizuia kwa kuuma mdomo.

Mzee akapita katikati ya wachukuzi. Akavua kilemba chake, kichwa chake kikabaki wazi mbele za wanaume wote wale, mvi zimetimka kwa upepo. Akamwinamisha Nyange, akamfunga, akarudia fundo mara mbili.

"Huyu fundi," akasema, kwa sauti ambayo zamani ilishinda mngurumo wa meli. "Nasema mimi niliyemfunza. Amenipita. Atakayesema hajui kazi, aje aniulize mimi."

Ngwali alikuwa ameshashika kamba. Hawakuhitaji amri. Miti ikaingia chini, mbao zikalala, wakavuta kwa pumzi moja, na malori yakapanda gatini moja nyuma ya jingine kabla tope halijaishika tishali. Walifanya kazi ile vizuri, kwa haraka, bila mkwaruzo, na Mabruki akiwa wa kwanza kwenye kamba, bega lake likivuta kitu kilichokuja kumfukuza begani kwake mwenyewe.

Hawakupumzika hata kidogo. Mafundi wa ng'ambo walitia maji, wakazungusha, injini ikaitika. Mzungu akaamuru lijaribiwe kwa mzigo, magunia yaliyokuwa yamekaliwa yakapakiwa, na Nyange akapanda nyuma, amekaa juu ya karafuu na kilemba cheupe, uso wake haujui ucheke au ulie. Gari likapanda kilima. Mzigo ule, kwa mabega, ulikuwa kazi yao mpaka alasiri. Ulipotea kwenye kona kabla vumbi halijatua.

Wachukuzi wakabaki wamesimama na kamba zao.

"Lile limebeba siku yetu nzima, Mabruki," akasema Ngwali.

Shaame alikuwa anajifuta jasho. "Haya, wazee. Mmepata mlichokitaka. Nendeni makwenu mkapumzike."

"Tumepata mmoja," Mabruki alisema. "Hawa je?"

"Hawa... Inshallah, mwakani. Bwana mkubwa atalitazama."

"Mwakani watakuwa wamekula nini?"

Shaame akakunja karatasi zake. Alimfuata bwana wake aliyetangulia, akapanda kilima upesi upesi, karatasi kwapani. Mabruki alimtazama mgongo. Kisha akatupa kamba yake chini, akaanza kupanda nyuma yake. Hakumwita mtu. Aliposikia nyayo nyuma yake alijua ni Ngwali kwa ule mguu wa kuburura, na nyuma ya Ngwali mwashi, na seremala, na Jaribu, na wengine, wote mikono mitupu. Walipanda njia ile kila siku ya maisha yao wameinamishwa na mizigo, na leo walipanda wamenyooka, wakaona ilivyo fupi.

Karani aliwaona kutoka ndani. Akasimama, akaanza kuvuta dirisha la afisi.

Mabruki akatia mkono katikati, mbao ikambana vidole. Hakuutoa.

"Fungua," alisema. "Chukua kalamu. Na safari hii hutatuuliza sisi. Utateremka uje utuangalie tukifanya kazi."